Boganvila ya Mama

Mwanangu anapogoa maua ya uani, na harufu ya matawi mabichi imenirudisha Lodwar, nikiwa mtoto.

Mama alipanda boganvila karibu na mlango wiki tuliyomzika mdogo wangu. Aliimwagilia maji tuliyoogea. Ikarefuka ovyo, ikajaa vijiti vikavu, na maua machache yakatoka juu kabisa. Baba, karani aliyehamishiwa huko kikazi, alitaka kuipogoa. Mama alikataa. Aliogopa nayo itakufa.

Siku moja jirani yetu Mturkana alipita na mbuzi wake, akasimama kuitazama, kisha akamsalimu mama kwa Kiturkana.

"Ejok, mama. Mti yako imechoka. Si ukate?"

"Mzee ndiye anataka kukata. Mimi sitaki."

"Mzee akate ndevu yake. Kwetu mti ya mtoni iko na mwenyewe, na ni mwenyewe tu anakata. Hii ni yako."

Baba, aliyekuwa akiwasikiliza mlangoni, alicheka kidogo, akamwachia mama mkasi.

Mama alikata polepole, akiketi kupumzika kila mara, macho yamemvimba. Mbuzi walikula matawi nyuma yake na hakuwafukuza. Mwishowe kilibaki kisiki chenye vijiti vifupi.

Mvua haikuja. Baba alihamishiwa Kakuma kabla kisiki hakijachipua. Asubuhi ya kuondoka sote, dereva wa lori akipiga honi, mama aliinama akakwaruza gamba kwa ukucha. Ndani palikuwa na kijani.

"Bado ni mzima," alimwambia baba.

Baba alimpa mkono, mama akapanda lori.