Tusiwaharibie Wageni Siku

Jumamosi nilipita kwenye boma la Mjerumani hapa Arusha. Kijana mmoja, mwongoza watalii, alikuwa akiwatembeza mtu na mkewe, Wajerumani, waliomkodi peke yao kwa siku nzima.

“Wazee wetu walilijenga kwa kujitolea,” aliwaambia kwa Kiingereza, akitabasamu. “Walifurahi sana.”

Nikamnong'oneza kwa Kiswahili, “Kijana wangu, si walichapwa viboko?”

“Najua, mzee. Hata wa ukoo wetu walichapwa. Lakini hawa ni wageni, tusiwaharibie siku.”

Yule mama akavua miwani ya jua. “Tuharibie tu,” akasema kwa Kiswahili kilichonyooka. “Ndicho tulichofuata.”

Kijana akajifuta jasho, akaanza upya.

Kwa ukarimu hatujambo. Mgeni akija, tunaficha uvunguni hata viboko alivyotuchapa babu yake.