Skafu ya shingo, nawaapia

Leo nimepigiwa vigelegele mpakani kwa sababu ya skafu!

Mpaka umefunguliwa tena, nikakimbilia Bukavu kujinunulia skafu ya sufu, ya mbunifu wa Ulaya. Nyeupe, pana, laini ajabu.

Baridi ya leo munaijua. Nikaizungusha shingoni mara mbili, ncha moja begani. Madamu kabisa!

Kurudi Rusizi, hapo mpakani, bamaman wanaouza nyanya wakaipapasa.

"Hii ni ya kufunika mutoto muchanga! Maman, hongera!"

"Ni ya shingo!"

Nani asikie? Vigelegele tu.

Mume wangu, aliyekuja kunipokea, akaniangalia. "Ni kweli?"

Kicheko kikanishinda.

Jamani, skafu ni ya shingo. Ila mutoto yuko kweli tumboni, nilipanga kumwambia mume wangu Jumapili!

Anayecheka alete jina.