Daftari la Bi Vijiti na mshindi wa mwaka wa saba

Saa tatu kasoro robo asubuhi, pikipiki ya kwanza inapita mbele ya meza ya mbao kando ya uwanja. Kalamu ya mama mmoja mwenye kofia pana inachora kijiti. Inapita ya pili, kijiti kingine. Zinapita tatu kwa mpigo, vijiti vitatu, kila kimoja chini ya namba yake. Mama haangalii daftari. Macho yako njiani, mkono unajifanyia kazi wenyewe.

Leo ni mazoezi. Mbio zenyewe, raundi ya ubingwa wa taifa, ni Jumapili.

Waendesha pikipiki wanamwita Bi Vijiti. Siku za kazi ni karani wa mizani kwenye ghala la nafaka, anahesabu magunia. Ana miaka hamsini na minne, na hii itakuwa raundi yake ya ishirini na sita mfululizo.

"Nilikuja siku moja tu, kumshikia nafasi mwenzangu aliyekuwa anaumwa," anasema. "Mwenzangu alipona zamani. Mimi bado niko hapa."

Raundi hii ya kila mwaka ilianza miaka thelathini iliyopita kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa. Washindani walikuwa tisa, na njia ilipangwa kwa matairi mabovu na chokaa. Siku hizi wanafika arobaini na sita, na kila pikipiki inafungwa kifaa kidogo kinachohesabu mizunguko chenyewe. Bi Vijiti amebakizwa kwa tahadhari.

"Mashine ikizima, wote wananigeukia mimi kama vile nimewaficha kitu," anasema, akicheka.

Miezi miwili iliyopita, chama cha mbio kiliamua kutengeneza ubao wa washindi wote tangu mwanzo. Karatasi za zamani zilikwisha kuharibika, paa la ofisi lilipovuja. Washindi wa miaka mitano ya kwanza walikumbukwa na wazee wa chama; kwa miaka iliyobaki, katibu akamwomba Bi Vijiti afungue madaftari yake.

Akayapanga juu ya kitanda, akaandika mwaka baada ya mwaka. Alipofika mwaka wa saba, akasimama.

Mshindi wa mwaka ule anamjua kuliko mtu yeyote. Ni mume wake. Kikombe kiko juu ya kabati la vyombo, na ndicho pekee alichowahi kushinda. Alikimbia akiwa namba arobaini na moja.

Mbio zilikuwa za mizunguko ishirini. Chini ya namba arobaini na moja, daftari lilikuwa na vijiti kumi na tisa. Chini ya namba kumi na nne, ambaye alitangazwa wa pili, vilikuwa ishirini.

"Nilihesabu mara sita. Nikabadilisha miwani, nikahesabu tena," anasema. "Nikajiuliza, hapa nimekosea mimi, au amekosea mzee wa bendera? Mpaka leo sijui. Vumbi siku ile lilikuwa kama ukuta."

Mzee wa bendera, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa akihesabu kwa kichwa. Alipoishusha bendera mbele ya namba arobaini na moja, umati ulimbeba mshindi juu juu. Daftari liliingia mkobani bila mtu kulitazama. Wiki iliyofuata, mshindi alikwenda ghalani kumshukuru yule dada wa mezani kwa kuhesabu vizuri. Mwaka uliofuata wakaoana.

Baada ya kugundua tofauti ile ya vijiti, Bi Vijiti alimweleza mumewe wakiwa jikoni. Mumewe, ambaye ni fundi wa pikipiki, hakukasirika. Alivuta kigoda akakaa.

"Nilianguka mzunguko wa nane," alimwambia mkewe. "Nikainuka, nikaendelea. Baadaye nikajikuta niko na wa mbele. Sikujua kama nimewakuta mimi, au wao ndio wamenikuta kwa kunizidi mzunguko mzima. Nilipoona bendera, nikasema basi, nimewakuta."

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Ningekwambia nini, mama watoto? Wewe ndiye uliyekuwa unahesabu."

Siku ya nne mumewe alikifunga kikombe kwenye gazeti, wakaenda wote wawili kwa namba kumi na nne, ambaye sasa anashona viti vya pikipiki. Walimkuta amezungukwa na sponji na vipande vya ngozi bandia. Alilisikiliza jambo lote sindano ikiwa mdomoni, kisha akaitoa.

"Shemeji, mimi nilimwona yuko mbele yangu," alisema. "Nikadhani yuko mbele. Kumbe huenda alikuwa nyuma?"

"Ndiyo tunachokuuliza wewe," alisema Bi Vijiti.

"Mnamuuliza aliyekula vumbi?"

Walicheka wote watatu. Kisha fundi wa viti akasema marehemu baba yake alitazama mbio zile, na kurudi nyumbani akisisitiza kwamba mwanawe ndiye aliyeshinda. "Nilimwambia aache kunifariji," alisema, akiinamia kiti alichokuwa anashona.

Kikombe alikikataa. Alisema hawezi kupokea kitu kwa dhana.

Katibu wa chama hakufurahi. Mchongaji wa ubao alikuwa akisubiri. "Mama, nipe jina moja tu tumalize," alimwambia kwa simu.

Aliyempa jibu ni mumewe, akiwa ameketi pembeni. "Mwambie mwaka wa saba wauache wazi."

"Mpaka lini?" Bi Vijiti alimuuliza.

"Mpaka tujue."

"Na tusipojua?"

"Utabaki wazi. Jina langu siyo lazima liwepo, lakini la uongo lisiwepo."

Ubao utapachikwa Jumapili asubuhi, ukiwa na majina ishirini na tisa na mstari mmoja mtupu. Bi Vijiti anasema bado anaamka na mashaka, na kuna siku anaamini daftari, kuna siku anaiamini bendera.

Ameomba jambo moja, na chama kimekubali: kuanzia raundi hii, meza ya kuhesabu iwe na watu wawili, kila mmoja na daftari lake, na matokeo yasitangazwe kabla madaftari hayajalinganishwa.

Wa pili amekwisha kumpata. Ni yule fundi wa viti.