Karibu, Afande

Nikinusa kitambaa kipya, hata leo mimi hubana pumzi.

Baba aliuza vitambaa Jinja. Nyumbani tulisema Kisoga tu. Kiswahili alikiweka kwa ajili ya wanajeshi. Kwa hiyo siku ile alipopaza sauti dukani, "Karibu, afande!", mama alituvuta sisi mabinti nyuma ya majora. Tukabana pumzi, midomo ikigusa pamba.

"Watu yako iko wapi?" mwanajeshi aliuliza.

"Mimi iko peke yangu, afande." Baba alicheka, lakini nilisikia mkasi wake ukigongagonga meza.

Juzi nilifika hospitalini Mbale kumwona. Nilipofungua mlango alinitazama bila kunitambua, akajikokota kuketi.

"Karibu, afande!" akasema, kwa sauti kubwa, ili tusikie.