Mama Roho Juu na Masikio ya Sungura

Majirani walimwita Mama Roho Juu, naye hakukasirika. Mtu anayefunga mlango, akarudi kuusukuma, kisha akamtuma mumewe akausukume tena, atakasirikia nini?

Kitindamimba wake alikuwa amepata kazi ya kuosha madirisha ya maghorofa, akining'inia kwa kamba. Kesho ndiyo siku ya kwanza, na mama bado hajakubali. Binti akamwonyesha fundo wanalotumia kazini: kamba inakunjwa maradufu, inazungushwa, vinabaki vitanzi viwili vimesimama kama masikio ya sungura.

"Vitanzi viwili!" Mama akashika kifua. "Kimoja hakitoshi kuniua?"

"Kimoja kikikatika, Mama, cha pili kinashika."

"Na cha pili kikikatika?"

"Nitakupigia simu nikiwa njiani kushuka."

Mama hakucheka. Binti alipokwenda kuoga, akaichukua kamba, akafunga ncha moja kwenye boriti ya jikoni na nyingine akaifunga masikio ya sungura, ulimi nje. Fundo likishindwa kumbeba yeye na mwili wake wote, mtoto haendi. Basi! Akapanda kigoda, akapitisha mguu mmoja katika kila kitanzi, akakaa. Kigoda kikapinduka.

Fundo halikushindwa. Mama alibaki hewani akizunguka taratibu: jiko, kabati, dirisha, jiko. Kila alipopita jiko aliona maharage yanaungua, na mkono haufiki.

"Baba Watoto!"

Mume akaja, akamtazama hadi akamaliza mzunguko. "Mke wangu, umeanikwa?"

"Epua maharage, kisha unishushe!"

Akaepua. Akavuta fundo, akaling'ata, wapi! "Limekaza. Nalikata."

"Weka kisu chini!" Mama akafoka. "Ukikata kamba ya mwanangu, kesho atapandia nini?"

Mlangoni binti alikuwa amesimama na taulo kichwani. "Mama, umesema kesho?"

Mama akatamani kujificha, lakini kamba ilikuwa inamleta uso kwa uso na mwanawe.

"Nimesema," akajibu akipita.

Binti akasimamisha kigoda chini ya miguu ya mama. Uzito ulipoondoka, akalisukuma fundo kwa vidole, likalegea.

Kesho yake wapita njia walimwona mama mmoja chini ya ghorofa, shingo nyuma, amekumbatia godoro. Mumewe alishika upande wa pili.

"Masikio yote yapo?" mama akapaza sauti.

"Yapo, Mama! Rudini nyumbani!"

"Sogea kushoto kidogo," mama akamwambia mumewe. "Amehamia dirisha jingine."