Bundi Juu ya Nepi

Shangazi aliniita kutoka jikoni. "Naam," nikaitika. "Hebu kaanue nepi za mtoto, Magharibi hiyo inaingia." Binti yake alikuwa amejifungua, amerudi kwa mamaake hapa mtaani Malindi kumaliza arubaini, na kwa mjukuu huyo wa kwanza shangazi alijiona kapewa dunia nzima. Kwetu nguo za kichanga haziachwi nje baada ya Magharibi. Nimelijua hilo tangu sijajua kusoma.

Nikapanda darini. Na nani nimkute? Bundi, yule mwenye uso mweupe anayeishi kwenye gofu la jirani! Kakaa ukutani juu ya kamba ya nguo, ananitazama, na chini yake nepi zimejipanga nyeupe pepepe.

Mie hupiga picha za ndege na wanyama nikazitia mtandaoni, ndiyo sifa yangu hapa mjini. Tangu binti na kichanga chake waingie nyumbani nilikuwa nikimvizia bundi huyo kila jioni. Basi nepi nikaziacha kambani, kwa sababu zilipendeza kwenye picha. Nikapiga, nikashuka kufuata lenzi ndefu, nikapanda tena nikapiga. Nilipozianua watu walishatoka msikitini. Nikazikunja vizuri, nikazitia kapuni, na shangazi hakujua.

Picha nikairusha palepale. Lo, laiki zilivyomiminika! Watu wa ng'ambo wakanisifu mpaka kichwa kikavimba. Kisha mmoja wa hapahapa akaandika: "Babewatoto juu, nepi chini! Mzazi wa nani huyo, masikini?" Babewatoto ndiye bundi huyo huyo, na wengi wanaamini huwadhuru watoto wachanga. Nikamjibu kwa kidomodomo kwamba bundi anakula panya tu, aache ujinga. Nimesoma bwana, nani wa kunambia!

Kesho yake picha ikafika Fumba, kwa mama mkwe wa binti. Akaja mwenyewe, na mwanawe nyuma yake. Nikamwamkia shikamoo, marahaba yake ikamtokea puani. Akamnyooshea shangazi simu.

"Mkwe mwenzangu, nguo za mjukuu wangu zinaachwa nje usiku, bundi anaziatamia?"

Shangazi akaitazama picha. Kisha akanitazama mie, na nikajua ameshaelewa kila kitu. Ulimi nilikuwa nao, mzima, hauna ugonjwa wowote. Akangoja kidogo niseme.

"Nlisahau mie, mkwe," akasema. "Ndio utu uzima huu."

Na mie nikanyamaza! Wallahi nikikumbuka natamani kujizaba kofi. Binti akalia, akasema hatoki kwa mamaake, lakini mumewe alishaanza kufunga mabegi. Mtoto akachukuliwa siku ileile. Arubaini ikatimia Fumba, na nywele zake zikanyolewa hukohuko. Shangazi alikwenda kama mgeni mwalikwa, akapakatishwa mtoto kidogo, akapokonywa kwa adabu. Njia nzima ya kurudi alizungumzia pilau.

Picha niliifuta mtandaoni. Kufuta gani huko, na nusu ya watu wa mtaa wa Mlandege wanayo kwenye simu zao? Bundi mwenyewe bado yupo, anakula panya wake, hana habari na mtu.

Juzi nikajikaza. Nikamwambia shangazi kwamba nakwenda Fumba kusema kweli, kwamba aliyeziacha nepi ni mie. Nilidhani atanigombeza, na nilitamani anigombeze. Akaikunja kanga yake.

"Nenda, mwanangu, itakuwa vyema," akasema. "Lakini kwanza nitolee picha ya mtoto. Ile ya alipokuwa hapa kwetu, yoyote tu. Kamera ulikuwa nayo mkononi siku zote."

Nikafungua simu, ninamohamishia picha zangu zote. Bundi. Bundi wa ubavuni. Bundi kafumba jicho moja. Bundi na nepi. Shangazi keshavaa miwani, kanisogelea bega kwa bega, anangoja, na mie naendelea kusogeza kidole huku najua fika kwamba mtoto sikumpiga hata moja.