Mlio Uliochelewa

Wifi yangu Lukia ni mtu wa Msangeni, na watu wa Msangeni huwaambii kitu kuhusu maji. Kwao kuna ndiva, bwawa la udongo na mawe linalokusanya maji ya kijito usiku kucha ili asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani. Kaka yangu Hamdani alipomwoa na kumleta huku chini Ndungu, bibi harusi alitazama mifereji yetu ya mpunga akacheka. Nikamwambia, "Cheka, wifi, lakini wali utakula." Tukaelewana kuanzia siku hiyo.

Ufundi wa redio Lukia aliupata kwa baba yake, miaka ile ya dhiki, sabuni kwa foleni, betri zilizokwisha zikianikwa juani ili zipate nguvu ya kusikilizia taarifa ya habari. Redio ilikuwa mali, na fundi wake mtu mkubwa. Kisha biashara ikaachiwa huru, maduka yakajaa redio za bei chee ambazo zikifa zinatupwa, na meza yake pale Same mjini ikala vumbi. Mwingine angeuza nyanya. Yeye alijifunza kompyuta ukubwani, kwa hasira tu.

Ndiyo maana watu wa wanyamapori walipomvisha kola ya redio tembo jike anayeongoza kundi, yule tunayemwita Bibi, kazi ya kumsikiliza walimpa Lukia. Kola hutoa mlio wa polepole, tii, tii. Antena iko kwenye mlingoti nje ya dirisha lake, kidude kidogo kimechomekwa kwenye kompyuta kuukuu, na programu hufanya kazi yote ambayo zamani ilifanywa na redio nzima. Mlio ukiwa hafifu, Bibi yuko mbali porini. Ukiwa mkali, Lukia anapiga simu na watu wanatoka mashambani. Tembo wakitamani mpunga hawabishi hodi.

Siku ninayoisema mpunga ulikuwa umeiva, na Hamdani alikuwa anavuna peke yake kwenye jaruba la mwisho, kando ya pori. Tangu asubuhi kompyuta ilikuwa inakatakata mlio na kuandika kwa wekundu kwamba bafa imejaa. Nikauliza bafa ni mdudu gani.

"Ni ndiva," Lukia akasema. "Mawimbi yanaingia humo yakisubiri programu iyashughulikie. Yakizidi yanamwagika, na mlio unamwagika nayo."

Basi akafanya ambalo mtu yeyote wa kwao angefanya ndiva ikifurika: akaongeza kingo. Akaandika bafa kubwa, kubwa kupita kiasi. Wekundu ukatoweka, mlio ukanyooka, naye akajipigia makofi.

Alasiri Hamdani akapiga simu. "Mama Shamimu, nimalizie au niondoke?" Shamimu ni binti yao.

Lukia akasikiliza. Tii, kwa mbali. "Malizia tu, bado hawajakaribia."

Mimi nilikuwa dirishani nachambua mchele. Nikaona yangeyange wameruka wote kwa mpigo kule kwenye majaruba ya mwisho, na hawakutua tena.

"Wifi, mbona ndege wameruka?"

"Kompyuta inasema wako mbali."

"Kompyuta haina macho."

Akakasirika. Ili kunifunga mdomo akachukua kola ya akiba iliyokuwa mezani. Hiyo hulia harakaharaka, na hunyamazishwa kwa kubandikwa sumaku. Akaibandua sumaku. Kompyuta haikutoa mlio wa haraka hata mmoja, ila ule wa Bibi, hafifu vilevile. Akaitikisa kola, akairudishia sumaku, akatoka kukagua waya wa antena huku akinung'unika kwamba kola imekufa. Akakagua, akarudi, akaketi. Nilikuwa nimeshamaliza ungo mzima wa mchele kompyuta ilipoanza: titititi.

Sumaku ilikuwa bado imebandikwa.

Lukia akaigusa ile sumaku. "Huu ni mlio wa muda ule nilipobandua sumaku," akasema. "Nimeongeza kingo, sikupunguza maji yanayoingia. Programu imebaki nyuma. Wifi Fadhila, namsikia Bibi wa muda ule. Wa sasa sijui yuko wapi."

Nikashika simu nimpigie kaka. Akaninyang'anya. "Ikilia nao wako karibu naye, itawaonyesha alipo!"

Nilimtukana, nasema ukweli. Nilimwambia amemuua kaka yangu kwa ujuaji wake. Yeye akaanza kuandika, akakosea, akafuta, akaandika tena. Programu ilikuwa inakunywa mto mzima wa mawimbi kwa ajili ya kola moja. Akaibana imeze sehemu ndogo tu, ile ya Bibi. Akarudisha bafa ndogo, akaiwasha upya.

Mlio uliotoka ulinifanya nizibe masikio. Bibi alikuwa mpungani.

Baada ya hapo hatukuwa na la kufanya ila kukaa na kusikiliza, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Mlio haukupanda wala haukushuka. Nilisoma kila dua niliyofundishwa madrasa, nyingine nusunusu. Lukia hakunitazama. Nilimchukia, na papo hapo nilitaka anishike mkono.

Jua lilipoanza kuegemea milima, mlio ukapungua. Lukia alitoka akauzungusha mlingoti huku na huku kutafuta mlio unatokea upande gani, akarudi kusikiliza. Ndipo simu ikatetemeka.

Alikuwa Hamdani, ananong'ona. Yumo ndani ya mfereji mkuu, maji kifuani, kaegemea ukuta wa udongo tangu walipotokea. Dungu lake la kulindia ndege wameliangusha.

"Baba Shamimu, nilikudanganya," Lukia akasema, na kilio kikamtoka. "Nilichokuambia kilikuwa kimeshapita. Kosa ni langu, nilikubakiza huko mwenyewe."

"Hayo tutayasema nyumbani. Mimi kutoka humu sioni kitu. Sasa hivi wako wapi?"

Lukia akajifuta uso kwa khanga, akainamia kompyuta. Tii. Tii.

"Wanarudi porini," akasema. "Toka. Shika njia ya barabarani."

Hamdani hakuuliza kama ana hakika. Tulisikia maji yakimchuruzika, alikuwa ameshasimama.